Yule Dada Alikuja na Viatu

Nilikuwa nimesimama juu ya kreti la soda lililofunikwa kitenge, gauni la harusi limebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, nilipomwona kwenye kioo. Mlango wa fremu ulikuwa wazi, na nje, kwenye ngazi, alikaa msichana mwenye mfuko wa kitambaa mapajani. Visigino viwili vyeupe vilichungulia juu ya mfuko.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni, saa tano kasoro robo asubuhi.

Miadi yangu ilikuwa saa tatu.

Nyuma yangu, kwenye benchi la watu watatu, walijibana watu saba. Mama. Mama mdogo aliyetoka Mpwapwa alfajiri, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamsubiri stendi mpaka saa nne kasoro. Shangazi wa Mvumi. Dada yangu na mtoto mgongoni. Wifi mtarajiwa. Matroni. Na mjumbe mmoja wa kamati ambaye mpaka leo sijui nani alimwalika.

Kila mmoja alikuwa na neno. Mama mdogo alitaka mikono mirefu, kanisa ni kanisa. Wifi alitaka mgongo wazi. Mjumbe alipiga picha akazirusha kwenye grupu la kamati, na kabla sijashuka kwenye kreti watu arobaini walikuwa wanapigia kura kifua changu. Shangazi peke yake alikaa kimya, mkoba umelala magotini.

Mama wa duka akanisogelea sikioni. "Bibi harusi, mwenzio wa saa nne yuko nje tangu saa tatu na nusu. Ametoka Kondoa."

"Dakika kumi tu, mama."

Zikawa hamsini. Nilipotoka, ngazi ilikuwa tupu.

"Ameondoka?"

"Alikuwa anawahi basi."

Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyelia. Tulishuka tukala chipsi kuku karibu na Nyerere Square, hapa Dodoma, tukacheka sana. Lakini hii ni wiki ya kumi, na kila nikifungua kabati la viatu namkumbuka.

Njoo tu

Nikuambie ukweli, nilipotaja neno miadi nyumbani, mama aliniuliza kama tunakwenda kwa daktari wa meno. Kwetu fundi huambiwa "nakuja", naye hujibu "njoo tu, nipo". Ukifika hayupo, unakaa kwenye kiti cha jirani yake, unapewa habari za mtaa, naye anatokea na maandazi. Nimekua hivyo na sina ugomvi nao. Ile "njoo tu" ina ukarimu ndani yake: mlango haufungwi kwa ajili ya mtu.

Ila duka la mashela lina chumba kimoja, kioo kimoja na kreti moja. Wawili hawawezi kusimama juu yake kwa pamoja. Ndiyo maana yule mama ana daftari la mistari, na ndiyo maana alinipigia Ijumaa jioni kunikumbusha. Nikamjibu, "Bila shaka, mama, saa tatu kamili." Kisha nikaenda kuichukulia saa tatu yake kama "njoo tu" iliyovalishwa tai.

Hapo ndipo paliponikera zaidi nilipoanza kulifikiria. Nafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kikao kikiitishwa na mkubwa saa tatu, mimi saa mbili na nusu nipo mlangoni na daftari, hata kama kitaanza saa tano. Kwa hiyo usiniambie kuhusu saa za Kiafrika. Saa naijua vizuri.

Ninachojua zaidi ni saa ya nani ya kuiogopa.

Jumamosi haina gauni

Jumatano iliyofuata nilirudi peke yangu, nikajidai nimesahau hereni. Sikuwa nimesahau kitu. Nilitaka kujua kama yule dada amerudi, nikashindwa kuuliza, nikabaki nashikashika magauni.

Yalikuwa mengi! Jumamosi niliona sita. Jumatano ile reli ya chuma ilikuwa imepinda katikati kwa uzito. Nikamuuliza mama wa duka kama ameleta mzigo mpya, akacheka mpaka akakaa.

Magauni ya kukodi, alinieleza, yana wiki yao. Alhamisi na Ijumaa yanachukuliwa. Jumamosi yanaolewa. Jumapili jioni na Jumatatu yanarudi, yana krimu ya keki kifuani na vumbi jekundu pindoni (vumbi letu mnalijua, hasa upepo wa Julai ukianza). Jumatatu na Jumanne ni kufua, kuanika kivulini na kushona upya shanga zilizoachwa ukumbini. Jumatano asubuhi yote yapo, yamekauka, yanakungoja.

Jumamosi unajaribu yaliyokosa mtu.

Watu saba na grupu la watu arobaini, tulibishana nusu siku juu ya magauni ambayo hakuna bibi harusi aliyeyataka wiki ile. Na Jumamosi ndiyo siku kila mtu anayoomba, kwa sababu ndiyo siku tusiyokwenda kazini. Yule wa Kondoa naye alipewa Jumamosi. Angejaribu masazo yaleyale. Hilo lilinifariji kwa muda, kisha likaacha kunifariji.

Alinionyesha na jinsi anavyohesabu. Haanzi na leo, anaanza na siku ya harusi, kisha anarudi nyuma kwa kalamu. Kuchukua gauni, Alhamisi ya wiki ileile. Kupima kwa mwisho, wiki moja au mbili kabla, maana bibi harusi hukonda kwa mawazo au hunenepa kwa kitchen party. Kupima kwa katikati, mwezi mmoja nyuma ya hapo. Kuchagua, kabla ya yote hayo. Unayeagiza kutoka nje, ongeza miezi. Mambo mengine yanajiingiza yenyewe: Kwaresima inasukuma ndoa nyingi za kanisani baada ya Pasaka, na kuanzia Aprili mpaka Juni Bunge la bajeti linajaza mji, kumbi na saluni. Anayetaka kuolewa Mei, alisema, aje Januari, asije Aprili akaanza kunililia.

Nilijiona mjinga wa daraja la kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, nasi tuliihesabu vizuri sana, kamati ikaiandika kwa wino mwekundu. Gauni hatukulihesabia hata siku moja.

Treni ya asubuhi

Matroni wangu alikuwa na dawa: twende zetu Kariakoo. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, Dar es Salaam imekuwa kama mtaa wa pili. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na 31,000, na hujamaliza usingizi umefika. Unanunua, unarudi jioni. Wengi ofisini wamefanya hivyo, na sikatai, nilishafungua simu kukata tiketi.

Kilichonizuia ni fundi. Gauni la dukani halikushonwa kwa mwili wako. Lilishonwa kwa mwili wa mtu ambaye hayupo. Litabanwa hapa, litaachiwa pale. Ukilinunua Kariakoo, atakayelikata ni fundi wako wa Majengo, ambaye akiona lesi yenye shanga anaitazama kama anayetazama nyoka kwenye kapu. Au urudi kwa muuzaji, mara mbili, mara tatu, na kila safari ni ruhusa ya kazi. Mama wa duka huyu anafuata mzigo Kariakoo mwenyewe, na cherehani yake iko nyuma ya pazia. Miadi ya mwendo wa bajaji ilinishinda kuitimiza. Ya reli ningeiweza?

Usiku mmoja usingizi uligoma, nikaanza kusoma wenzetu wanavyofanya. Marekani na Uingereza maduka mengi ya magauni ya harusi hayakupokei bila miadi. Unapewa saa moja, au saa moja na nusu. Gauni unalojaribu ni la mfano tu, ndiyo maana vibanio viko kila mahali, hata kwao; lako linaagizwa, na huchukua miezi. Wanakuomba usilete umati. Na wanakwambia ulivyovaa ndani kuna maana, na kwamba uje na viatu.

Nikazima simu.

Mama mdogo hupenda kusema gauni jeupe ndiyo mila. Mila yenyewe ilipata umaarufu kwa Malkia Victoria, aliyeolewa na jeupe Februari 1840. Bibi yangu aliolewa Mvumi kwa ng'ombe, shanga na kaniki, na hakupima hata mara moja.

Inchi tatu

Kuhusu viatu, sikujua. Niliona ni mbwembwe za kujiona kamili kwenye kioo.

Kumbe pindo la gauni hukatwa kwa kisigino. Ukipimwa ukiwa na ndala, halafu siku ya siku ukavaa kisigino cha inchi tatu, gauni linapanda inchi tatu, na wageni wanatazama vifundo vya miguu kama umevuka mto. Ukipimwa na kirefu, halafu ukavaa kifupi kwa kuogopa kuanguka, unalikanyaga mbele ya mchungaji. Jumamosi ile nilikwenda na sendozi. Mama wa duka alinisimamisha kwa vidole, akachoma pini kwa kukisia, na kila nilipochoka nikashuka, pini zikawa uongo.

Yule dada hakuwa na la kukisia. Alikuwa amenunua viatu kwanza, akavisafirisha kutoka Kondoa kwa gharama ya nauli, akafika nusu saa kabla ya wakati wake. Nadhani alikuwa na sidiria ya siku ya harusi kwenye mfuko uleule. Nadhani aliomba ruhusa mahali. Alikuja peke yake, au aliyemsindikiza alikuwa ameshuka kununua maji, sikuona. Nimemtungia maisha mazima kwa visigino viwili.

Mchumba wangu aliponiona nimenuna aliniambia, "Lakini si ungemwita tu aingie?" Akaendelea kula wali wake. Ningemwita tu aingie. Ningeshuka kwenye kreti, nikawaambia wale saba wanywe soda nje, mwenzangu ajaribu dakika ishirini, awahi basi lake. Wala isingekuwa habari.

Watu wawili

Miadi ya pili nilijiapiza. Jumatano ya katikati ya Julai, saa nne, nikaomba ruhusa ofisini, nikaenda na matroni peke yake. Viatu mkononi. Tulifika saa nne kasoro kumi na mama wa duka akatupa chai.

Sijui nilielezeje ukimya ule. Hakuna kura, hakuna mtoto analia. Nilivaa magauni manne na nilijisikia nikipumua ndani ya kila moja. La tatu lilikuwa halina makeke: lesi kifuani, mikono mpaka kiwiko, mkia mfupi ambao mtoto mmoja anaweza kuubeba. Nikajitazama, nikajua. Dakika hamsini tulikuwa tumemaliza, nikalipa kishika uchumba, laki moja na nusu. (Lugha yetu ina utani: mchumba wa watu anaacha kishika uchumba kwa gauni.)

Nikamtumia mama picha.

Akajibu baada ya saa tatu: "Nimeona."

Ukiwa na mama wa Kigogo, au mama wa kabila lolote, unajua uzito wa "nimeona" isiyo na kitu nyuma yake. Usiku nikampigia. Akanisalimu vizuri, akaulizia kazi, akaulizia maji kama yanatoka. Mwisho akasema, "Mimi nimekuzaa. Nguo yako ya harusi naiona kwenye simu kama mgeni wa kadi."

Nikamwambia, "Mama, miadi yao ni ya watu wawili tu."

Duka halikuwahi kusema hivyo.

Nilikaa na simu mkononi baada ya kukata. Juni nilikuwa nimeidharau miadi nikamkosesha mtu zamu yake. Julai nikaiheshimu mpaka nikaifanya mlango wa kumfungia mama yangu, kisha nikasingizia mlango umejifunga wenyewe. Na sikuweza kusema nimekosea kuchagua katika utulivu ule. Hata leo sisemi. Wale watu saba wangenivalisha gauni la wifi lenye mikono ya mama mdogo.

Lakini "kama mgeni wa kadi" haikunitoka.

Piga magoti

Miadi ya tatu ilikuwa Jumatano iliyopita. Nilimpigia mama mwenyewe, nikampigia na shangazi. Mama mdogo nilimwomba radhi mapema, nikamweleza kwamba yeye nampa siku ya kuchukua. Akanuna siku mbili, kisha akaniuliza aje saa ngapi.

Shangazi alikuja mjini Jumanne akalala kwetu ili asichelewe. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshaoga, amekaa sebuleni na mkoba magotini.

Alivuka kizingiti cha duka kwa "Mbukwenyi!" kubwa, salamu yetu ya Kigogo, mama wa duka, ambaye si Mgogo, akajibu anavyojua. Nikavaa. Viatu mguuni, pindo likagusa sakafu palepale linapotakiwa. Mama akanizunguka mara mbili bila kusema, akanyoosha lesi begani kwangu ambayo haikuwa imejikunja. Nikajua tumepatana.

"Limekaa," akasema mama wa duka, anataka kufunga daftari.

"Piga magoti," akasema shangazi.

"Shangazi?"

"Keki utawalishaje wazazi? Ukiwa umesimama kama askari? Piga magoti tuone."

Nikapiga magoti. Koseti ikanichoma mbavuni, na kwenye nyonga mshono ukasema *trrr*, taratibu, kama mtu anayefungua bahasha. Mama wa duka akashika kichwa. Mara zote mbili tulilitazama gauni likiwa limesimama, likigeuka, likipigwa picha. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa ile MC akiita wazazi mbele, bibi harusi atashuka chini mbele ya ukumbi mzima na sahani mkononi.

Shangazi akaendelea kama mkaguzi. Nyanyua mikono, utacheza. Kaa. Kaa chini zaidi, hiyo ni gari, si kiti cha enzi. Panda ngazi. Kisha akanirudisha magotini, safari hii mbele ya mama, akaniambia nijifanye namlisha.

Mama alicheka. Akafungua mdomo kupokea keki isiyokuwepo, akawa bado anacheka, kisha akaacha. Mkono wake ukaja kichwani kwangu, mzito, akaanza kusema maneno kwa Kigogo, yale ya kubariki.

"Bado, wifi," shangazi akasema polepole. "Siku yake bado."

Mama wa duka alijifanya anatafuta pini.

Ataachia nyonga kwa sentimita mbili kila upande na kuweka kipande cha kitambaa kwapani ili mkono upande. Kazi ya siku mbili. Kama tungegundua ukumbini ingekuwa kazi ya shuka la kujifunika. Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimuuliza shangazi kwa nini siku ile ya Juni alikaa kimya asubuhi nzima.

"Siku ile?" Alikuwa ameshika ukuta, anatafuta kidaraja kwa mguu. "Siku ile nani angenisikia?"

Daftari

Safari hii niliuliza. Nilirudi juu, nikamwambia mama wa duka ukweli kwamba wiki zote hizi namfikiria yule wa Kondoa. Akafungua daftari, akapekua mpaka Juni. Jina, namba ya simu, "saa 4", na pembeni, kwa herufi ndogo, mwezi wa harusi: Julai.

Mistari mingine ya siku ile ilikuwa imepigwa tiki. Wake haukuwa na kitu.

"Hakurudi," akasema. "Atakuwa alipata kwingine. Babati kuna watu wanakodisha. Hata huko Kondoa."

Nikamwomba namba. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Utamwambia nini?"

Nikafikiri. Kwamba pole, kulikuwa na kura? Kwamba gauni lenyewe sikulichukua? Julai ilishapita. Ameshaolewa na gauni alilolipata, kwa fundi aliyempata, na viatu ninavyovijua mimi na yeye. Mama wa duka alikuwa na haki ya kukataa. Nilitaka namba ile kwa ajili ya usingizi wangu.

Miadi yangu ya mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne, kuchukua. Mama mdogo atakuwepo. Nimemwambia saa tatu, mtanisamehe kwa uongo huo mmoja. Niliangalia mstari unaofuata jina langu kwenye daftari: saa nne na nusu, anatoka Manyoni. Nikamwambia mama wa duka abadilishe, anipe mimi saa mbili na nusu ili huyu wa Manyoni akute kioo kitupu.

"Saa mbili na nusu nitakuwa sijafungua," akasema.

Nikamwambia aandike hivyohivyo. Nitakaa kwenye ngazi.